Kwa nini shakwe wanaishi na kula mbali na bahari?

Mkazi wa Shangani, Mtwara:
Ndugu zangu, sisi wa pwani ya kusini tumezoea kumwona shakwe feri, akizunguka juu ya ngalawa na kugombania matumbo ya samaki. Hivi karibuni nilikuwa Mwanza, nikawakuta wengi mwaloni wakidonoa dagaa walioanikwa. Kutoka kule hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 600. Je, wamepotea njia, au baharini chakula kimepungua?

Mwalimu, Nachingwea:
Ndugu wa Shangani, hawakupotea, wako kwao. Uliowaona huenda ni shakwe wa kichwa cha kijivu, wenye mdomo na miguu myekundu, ambao huzaliana kwenye visiwa na kingo za maziwa ya Afrika na wanaweza kumaliza maisha yao bila kuonja maji ya bahari. Yule mwenye kichwa cha kahawia iliyokolea na ukosi mweupe shingoni, anayefika pwani yetu, ni wa aina nyingine, naye kweli haachani na bahari. Shakwe hula karibu kila kitu: samaki, wadudu, makombo ya jalalani, na huko Uingereza hufuata trekta shambani wakiokota nyungunyungu jembe linapofunua udongo. Kwa hiyo kinachowavuta ni chakula kinachopatikana kwa urahisi, pamoja na mahali pa kutagia ambapo mnyama mla mayai hafiki kwa urahisi. Kwa maoni yangu hili la pili ndilo tunalolisahau mno: huko Chile wapo shakwe wanaotaga katika jangwa la Atacama, makumi ya kilomita kutoka pwani, kisha huruka kwenda baharini kutafuta chakula na kurudi kulisha makinda.

Mkazi wa Shangani, Mtwara:
Shukrani, Mwalimu. Lakini mwili uliozoea chumvi unayawezaje maji baridi?

Mvunachumvi, Lindi:
Shikamoo, Mwalimu. Naomba kumjibu ndugu yetu. Shakwe ana tezi juu ya macho zinazochuja chumvi kutoka kwenye damu. Akiwa baharini utaona matone yakichuruzika kwenye ncha ya mdomo, naye akitikisa kichwa kuyarusha. Akiwa ziwani, tezi hizo hupunguza kazi. Ndiyo maana wapo shakwe wanaozaliwa kwenye maziwa ya Ufini, wakavuka bara zima na kukaa Ziwa Victoria wakati kwao ni baridi kali.

Mwalimu, Nachingwea:
Marahaba. Hao wa Ufini wana mgongo mweusi na miguu ya manjano. Ukirudi Mwanza kati ya Desemba na Februari, watafute.