Gari ndogo ya kuingia kiti cha mtoto cha kuangalia nyuma, na baba mtoto ni mrefu

MamaKijacho_Goba:
Habari za jioni wadau. Natarajia kujifungua mwezi wa tisa, wa kwanza huyu, na dada yangu aliyeko Birmingham kanitumia kiti cha mtoto cha gari, kile cha kuangalia nyuma, kina kitako chake kinachobaki kwenye gari na mguu unaoshuka mpaka sakafuni. Sasa gari yenyewe hatuna, ndo tunatafuta, bajeti milioni 15 tukijikaza 16, na kila ninayemuuliza ananiambia chukua IST. Jana tukaenda kwa jirani anauza yake namba D, nzuri tu, kiti kikaingia nyuma ya abiria ila ikabidi siti ya mbele isogezwe mpaka magoti ya mume wangu yakagusa dashibodi, yeye ni futi sita na kidogo. Na kile kitako hakikupata pa kushika kabisa. Shemeji anasema kiwekeni mbele muachane na usumbufu. Jamani kuna gari ndogo ambayo mtoto atakaa na baba yake naye atakaa? Siyo lazima Toyota, ila spea zipatikane na mafuta yasitumalize, foleni ya huku mnaijua.

Spana_13:
Dada, mbele HAPANA. Hizi gari za Japani tunazoendesha nyingi zina eabegi (ule mfuko wa hewa) upande wa abiria na hazina swichi ya kuizima, sasa ikifumuka inapiga ule mgongo wa kiti cha mtoto ambao ndo uko karibu na dashibodi, na kichwa kiko hapo hapo nyuma yake. Shusha kile kibao cha kuzuia jua utakuta stika ina picha ya kiti cha mtoto imepigwa mstari mwekundu, hawakuweka pambo.

Kuhusu kitako kukosa pa kushika, hicho kinataka ISOFIX, yaani vyuma vya gari vya kunasia kiti cha mtoto. Ingiza vidole kati ya mgongo wa siti ya nyuma na pa kukalia, kama vipo utagusa vyuma viwili vigumu vimejikunja. IST ya kwanza ni ya 2002 mpaka 2007, hapo usitegemee. Japani walilazimisha kwa gari mpya katikati ya 2012, kwa hiyo ukipata ya 2013 kuja juu una uhakika zaidi, chini ya hapo pima kwa vidole vyako mwenyewe, dalali atakwambia ipo hata akiwa hajui unauliza nini 😂

baba_mapacha_Tabata:
Angalia Nissan Note ya E12, ile iliyoanza 2012. Kwa nje ni kadogo ila nyuma pana nafasi ya miguu mpaka unashangaa, mimi siyo mfupi na viti viwili vya kuangalia nyuma viliingia, mama watoto mbele akakaa bila kulalamika, na yeye kwa kulalamika namjua. Injini 1200cc, mafuta inakunywa kidogo. Ubaya wake gia ni CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyobadili gia kwa hatua, usikubali mtu akuwekee oili ya gia ya kawaida, na ukiijaribu barabarani sikiliza kama inavuta kwa kusita sita. Nyingine ni Honda Fit, tenki la mafuta wameliweka chini ya siti za mbele ndo maana nyuma sakafu iko chini na pana. Spea za Honda siyo kama za Toyota lakini Dar utapata.

Spana_13:
Nakubali Note. Ila mdau akitaka kubaki Toyota aangalie Ractis au Sienta, 1500cc. Sienta milango ya nyuma ni ya kusukuma pembeni, ukipaki Kariakoo umebanwa na Noah bado unamtoa mtoto. Vitz na Passo kwa baba wa futi sita sahau.

mzee_wa_Mbagala:
Hivi nyie si mlibebwa mgongoni na mkakua? Mama akae nyuma ampakate mtoto basi, hizo hela nunueni gari nzuri. Trafiki hata hakuulizi.

nesi_wa_zamu:
Mzee wangu shikamoo. Trafiki hatauliza, ukuta ndo utauliza. Gari ikiwa 50 kwa saa ikasimama ghafla kwa kugonga, mtoto wa kilo nane anavuta mikono kama mzigo wa zaidi ya kilo mia, hakuna mama wa kushika huo. Na kwa nini aangalie nyuma, mtoto mchanga kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, shingo bado laini, akiangalia nyuma ule mgongo wa kiti unapokea kichwa na mgongo vyote kwa pamoja. Siyo wiki mbili tatu tu, viti vya kiwango kipya cha Ulaya vinataka aangalie nyuma mpaka miezi 15 angalau, kwa hiyo mdogo wangu nunua gari ukimfikiria mtoto wa mwaka mmoja.

Halafu kiweke kushoto nyuma, ndo upande wa pembeni ya barabara, utamtoa bila daladala kukupitia mgongoni. Kama baba ndo dereva na wewe unakaa nyuma na mtoto basi hata shida ya magoti inakwisha.

MamaKijacho_Goba:
Asanteni sana, sijui kwa nini sikufikiria mimi kukaa nyuma 🙈 ila kuna siku nitaendesha mimi, yeye akae mbele ya kiti. Jumamosi tunaenda yadi na kiti chetu mkononi. Je nikipenda gari isiyo na hivyo vyuma?

Spana_13:
Soma stika ya kiti, kama kinaruhusiwa kufungwa kwa mkanda, unaacha kitako unapitisha mkanda kwenye alama za bluu, nyekundu ni za kuangalia mbele. Vuta mkanda wote ujaribu palepale yadi, kuna gari mkanda wa nyuma ni mfupi hauzunguki kiti. Na kama utatumia kitako, funua zulia pale mguu unapotua, pakiwa na kaboksi ka kuwekea vitu chini yake mguu hautakiwi kukaa juu ya mfuniko.

baba_mapacha_Tabata:
Na mume aende, akae mbele asogeze siti mpaka anapotaka yeye, siyo anapotaka muuzaji. Ukikuta Note ya blu pale Kijitonyama usiinunue, nilishaiangalia, imepigwa ubavuni ikapakwa rangi.

MamaKijacho_Goba:
😂😂 ya blu ndo tuliyokuwa tumetumiwa picha yake. Ahsante mkuu.