Mfanyakazi bora wa mwezi habaki yule yule: ni juhudi au ni bahati tu?

Msimamizi_Zamu

Wakuu, habari za kazi. Naomba mawazo yenu.

Nasimamia timu ya huduma kwa wateja, watu 12. Kila simu ikiisha, mteja anaulizwa kama ameridhika, ndiyo au hapana. Wengi hawajibu, kwa hiyo kila mhudumu anaambulia majibu kama 60 kwa mwezi. Anayeongoza kwa asilimia anapewa bonasi nono na jina lake linabandikwa ukutani. Anayeshika mkia anaitwa ofisini "kujieleza".

Kinachonisumbua ni kwamba kile kiti cha juu hakina mwenyewe. Mwezi uliopita wa kwanza alikuwa na 88%, wa mwisho 73%. Huyo wa mwisho, mwezi wa kabla yake alikuwa wa tatu! Halafu watu wanamwiga mshindi kupita kiasi. Kuna dada alishinda, ikajulikana kwamba ana tabia ya kumtaja mteja kwa jina karibu kila sentensi. Wiki haijaisha, ukumbi mzima ukawa "sawa Bwana Fulani, nimekuelewa Bwana Fulani". Akaja kushinda mwingine ambaye simu ngumu huzisukuma mapema kwa kitengo cha ufundi. Sasa kitengo cha ufundi kimezidiwa na kelele zake zinanifikia mimi.

Nimesoma juujuu kuhusu nadharia ya michezo ya kimageuzi, kwamba mbinu inayolipa ndiyo inayozaana. Mbona kwangu zinazozaana ni za ajabuajabu? Na bosi anataka bonasi iwe mara mbili ili ushindani ukolee. Nimuunge mkono?

Hesabu_Kavu

Mkuu, nadharia baadaye. Anza na hesabu.

Chukua watu 12 wanaofanana kabisa, kila mmoja ana uwezo wa kumridhisha mteja mara 80 katika 100. Wape majibu 60 kila mmoja. Kwa bahati tupu, asilimia zao zitayumba pointi 5 hivi kuzunguka ile 80. Hicho ni kipimo cha mtu mmoja. Ukipanga wote 12 kwa mstari, wa juu kwa kawaida atasimama pointi 8 hivi juu ya wastani, na wa chini pointi 8 chini yake. Yaani 88 na 72. Sasa rudi kasome ubao wako.

Sisemi watu wako wanafanana. Nasema ubao ungetoka vilevile hata kama wangefanana, kwa hiyo mwezi mmoja haukwambii nani ni nani.

W. Edwards Deming, yule mtaalamu wa ubora wa Marekani, alikuwa akilionyesha jambo hili kwa shanga. Sanduku lina shanga 4,000, nyeupe 3,200 na nyekundu 800. Watu kutoka kwenye hadhira wanafanywa "wafanyakazi", wanachota kwa kibao chenye vishimo 50, na agizo ni kutoa nyeupe tupu. Anayetoka na nyekundu 6 anapongezwa mbele ya wote, mwenye 14 anakaripiwa. Wote wanachota sanduku lile lile kwa kibao kile kile! Na angalia kinachofuata: aliyekaripiwa, zamu ijayo huelekea kupanda, na aliyepongezwa huelekea kushuka, kwa sababu wote wawili wanarudi kwenye wastani wa 10. Msimamizi anaondoka akiamini kwamba ukali unafanya kazi. Ile ofisi yenu ya kujieleza inapata sifa zake kwa njia hiyo hiyo, naweka dau.

Tuje kwenye kuzaana kwa mbinu. Milinganyo ambayo wengi huanza nayo inachukulia kundi kubwa lisilo na mwisho, ambamo bahati ya huyu inafutwa na bahati ya yule. Kwenye kundi dogo mambo ni mengine. Patrick Moran, mwanatakwimu, alitoa mfano wake mwaka 1958: kila hatua mmoja anachaguliwa kuzaa na mmoja anachaguliwa kufa. Kwako soma "kuigwa" na "kuacha tabia yake". Tabia isiyo na faida wala hasara, ikianza na mtu mmoja kati ya 12, ina nafasi ya 1 kwa 12 kuenea ukumbi mzima, kama 8%. Tabia iliyo bora kwa asilimia 10 ina nafasi ya 13% tu. Mbovu kwa asilimia 10, nafasi yake ni zaidi kidogo ya 4%.

Tazama hizo namba tatu zilivyokaribiana. Mbinu nzuri kweli inapotea mara 87 kati ya 100, na mbovu si kwamba haina njia. Kwenye kundi la watu elfu moja ile mbovu isingefua dafu kabisa, ingawa hata huko nzuri ingepotea mara nyingi. Kutaja jina la mteja kila sentensi ndiyo hiyo ya 1 kwa 12. Mnaifuata kwa sababu ilisimama karibu na bahati.

Kusukuma simu ngumu ni kesi tofauti, usiichanganye. Hiyo inalipa kweli, kwa anayeifanya, na bili inakwenda kwa jirani. Wanauchumi Holmström na Milgrom waliliandika mwaka 1991: kazi ikiwa na sehemu nyingi nawe ukalipia ile inayopimika tu, juhudi zitahama kutoka ile isiyopimika. Hapo bahati haina kosa, kipimo ndicho chenye kosa.

Kuhusu mara mbili ya bonasi. Wanauchumi Lazear na Rosen, mwaka 1981, walionyesha kwamba kwenye mashindano ambayo zawadi inafuata nani kashika namba ya ngapi, bahati ikizidi, juhudi ya ziada inaongeza uwezekano wa kushinda kidogo sana, kwa hiyo inabidi zawadi iwe kubwa zaidi kupata jasho lile lile. Bosi wako hajakosea kwenye karatasi. Ila ile zawadi kubwa inamvuta vilevile anayesukuma simu, tena yeye mbinu yake ni ya uhakika kuliko jasho. Mimi nisingemuunga mkono.

Mama_Mauzo

Hesabu nzuri, lakini ninyi watu wa takwimu mnapenda kuiona bahati kama uchafu wa kufuta. Mimi niko upande wa mauzo. Tulipoacha kupima kwa mwezi tukapima kwa mwaka mzima, bahati ikapungua kweli, na walewale wawili wakawa wanajulikana kuanzia robo ya kwanza. Wengine wakashusha silaha. Ukiwa wa kawaida na unajua huwezi kumpata fulani, unajichosha kwa lipi? Ile bahati ya mwezi ndiyo iliyokuwa inamwamsha mtu wa katikati.

Hesabu_Kavu

Mama, hapo umenishika, na nadharia iko upande wako: washindani wasiolingana uwezo, bahati kiasi inasawazisha uwanja na kuwarudisha mchezoni waliokata tamaa. Tofauti yangu na wewe ni moja. Bahati ya Msimamizi imevaa nguo za sifa. Jina linabandikwa ukutani kana kwamba mwenyewe ana siri, na watu wanakwenda kuitafuta hiyo siri.

Kama unataka bahati, iweke hadharani. Weka kiwango, kila aliyekivuka kwa miezi mitatu jina lake liingie kwenye kapu, bahati nasibu ichezeshwe mbele ya wote. Wa katikati ana matumaini, na hakuna atakayemwiga mshindi wa bahati nasibu anavyopokea simu.

Dogo_Simba

Kuna watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Catania, Italia, walipata Ig Nobel, ile tuzo ya tafiti za kuchekesha, mwaka 2010 kwa kuonyesha kwa hesabu kwamba shirika linaweza kufaidika likipandisha vyeo kwa kubahatisha. Tumalizie hapo tu, tuchezeshe na ukurugenzi 😂

Hesabu_Kavu

Soma sharti lao, dogo. Matokeo hayo yanatokea pale ambapo uwezo wa mtu kwenye cheo kipya hauhusiani kabisa na uwezo wake kwenye cha zamani. Uhusiano ukiwepo, kumpandisha aliye bora kunashinda. Lakini kwa baadhi ya wakurugenzi niliowaona, sharti limetimia.

Mkaguzi_Mstaafu

Naomba niongeze upande wa ukaguzi, maana mchezo huo wa kusukuma simu utaukamata kwa kusikiliza simu, si kwa asilimia za kuridhika.

Chukua mfano. Zamu inalipa 100. Jasho la kuifanya sawasawa, mfanyakazi analipima kama 20. Kumkagua mtu kunamgharimu mwajiri 10. Anayetegea akikamatwa halipwi. Ukitafuta mahali ambapo hakuna upande unaotamani kubadilika, unapata kwamba mwajiri anakagua mara 20 katika 100, na mfanyakazi anategea mara 10 katika 100. Sasa ongeza faini ya 100 juu ya kunyimwa malipo, faini ambayo haiingii mfukoni mwa mwajiri. Watu wanadhani utegeaji utashuka. Haushuki! Kinachoshuka ni ukaguzi, kutoka 20 hadi 10, kwa sababu mwajiri naye anajua watu wanaogopa. Kiwango cha utegeaji kinafuata gharama ya kukagua. Fanya ukaguzi ugharimu 4, na utegeaji unakuwa 4.

Tena hicho kiwango hakitulii. Mwanauchumi Reinhard Selten alithibitisha mwaka 1980 kwamba kwenye michezo ambayo pande mbili zina nafasi tofauti, kama bosi na mfanyakazi, mchanganyiko wa kubahatisha, kama huo wa kukagua mara 20 katika 100, hauwezi kuwa imara kimageuzi, yaani ukisukumwa kidogo hakuna kinachoulazimisha kurudi mahali pake. Pande zinazungukana. Nimeuona mzunguko huo maisha yangu yote ya kazi: ukaguzi unakaza, utegeaji unapungua, mkaguzi anakaa wiki kadhaa bila kukamata kitu, anaanza kuona anapoteza muda, analegea, na mchezo unarudi mwanzo.

Njia ya kutoka ni mkaguzi kunyang'anywa uamuzi. Programu ichague simu za kusikilizwa, kwa kiwango kilichotangazwa, kilicho juu kidogo ya ile 20, na isilegee hata kama mwezi mzima hakujakamatwa mtu. Kutegea kunakuwa hasara kila siku, na anayejua hivyo haanzi.

Msimamizi_Zamu

Mzee wangu, asante sana. Sisi ukaguzi ni kila Ijumaa mchana. Na Hesabu_Kavu, nawezaje kujua nani ni mzuri kweli, maana lazima nimpe bosi majina?

Hesabu_Kavu

Ijumaa mchana! Basi Jumatatu hadi Alhamisi ni sikukuu.

Majina: chukua mwaka mzima, gawa miezi kwa kuruka, mmoja huku mmoja kule. Kila mtu atakuwa na majibu kama 360 kila upande, na kuyumba kwa bahati kunashuka hadi pointi 2 hivi. Panga watu kwa kila upande peke yake. Wanaokaa juu pande zote mbili, mpe bosi hao. Mpangilio wa upande mmoja usipofanana hata kidogo na wa pili, mwambie bosi hana cha kulipia kwenye kipimo hicho, atafute kingine. Na kabla ya yote hayo, simu iliyohamishiwa ufundi ihesabiwe kwa aliyeihamisha mpaka mteja ajibu.

Msimamizi_Zamu

Swali la mwisho kwa mzee. Programu ikimchagua mtu Jumatatu, nimtoe kwenye orodha ya wiki hiyo ili wengine nao wapate zamu? Wataona ni haki zaidi.

Mkaguzi_Mstaafu

Usimtoe. Mrudishe kwenye kapu siku hiyo hiyo. Ukimtoa, kuanzia Jumanne anajua hasikilizwi. Na programu ichague simu zikishamalizika, isichague kabla, maana orodha ikiwepo asubuhi itavuja tu. Kuna mtu atachaguliwa mara tatu mfululizo na atakuja kulalamika kwamba anaonewa. Weka orodha ya simu zote zilizochaguliwa mahali ambapo kila mhudumu anaweza kuifungua na kuhesabu mwenyewe.