Naomba ushauri: tope la Mabira linanishinda

Habari zenu ndugu zangu, naomba mnisaidie. Niko Kampala, na baiskeli ya milimani nimeizoea mwaka wa pili sasa. Jumamosi nilienda Mabira, ni kama kilomita 54 hivi kwa barabara ya Jinja, nikaingia upande wa Najjembe. Mwanzo raha tupu, kanjia kembamba chini ya miti mikubwa, baridi safi, naupenda sana ule msitu. Shida ni kwenye vijito, ule udongo mwekundu unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, nikawa nautoa kwa kijiti, naenda hatua kumi nasimama tena, halafu mizizi imelowa nikateleza goti likachubuka.

Nimejaribu kupunguza upepo wa tairi, kwenye mizizi zinashika vizuri lakini tope ni lilelile. Tairi zangu ni inchi 2.25, meno mafupi yamebanana.

Sasa kwa mvua hizi za Aprili, nichukue tairi nyembamba zaidi zenye meno marefu yaliyoachana au nisubiri tu kiangazi cha Juni? Na msitu wa Mpanga kule Mpigi, kuna aliyepita na baiskeli majuzi, njia zimekauka?