KAPULIZA! Yule bwana wa kukagua valvu leo kavuka mipaka

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikiruka mnisamehe.

Simtaji jina. Mnamjua. Yule wa kalamu tatu mfukoni, na hakuna hata moja inayojua kuandika "imepita". Kama umewahi kuingiza hata nati ya flenji, umeshazeekea kwenye benchi lake.

Leo nimekwenda na faili la kuvunja mgongo. Cheti cha ulinganifu, kile cha kuonyesha mzigo umekidhi viwango, kimo. Ripoti ya maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kile kiwango cha umahiri wa maabara, imo. Cheti cha chuma, aina ya 3.1 ya EN 10204 (kiwango cha Ulaya cha vyeti vya chuma), kimo, na hiti namba, yaani namba ya mkupuo wa chuma kilichoyeyushwa, iliyo kwenye bodi ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye karatasi. Ripoti ya presha imo: bodi imebanwa maji mara 1.5 ya kiwango chake, siti, pale valvu inapofungia, mara 1.1, tone halikutoka.

Hakufungua faili. Naapa hakuligusa. "Lete sampuli." Nikampa boli valvu ndogo, ile ya kufunga na kufungua bomba kwa boli lenye tundu katikati. Akaigeuzageuza, akang'oa kile kifuniko cha plastiki, akaipeleka mdomoni, AKAPULIZA. Foleni nzima kimya. Hewa ikatokea upande wa pili ikapeperusha fomu zake mwenyewe. Akanitazama: "Hii inavuja."

INAVUJA?! Ilikuwa WAZI! Boli valvu husafirishwa ikiwa wazi ili boli na siti zake visichubuke njiani, hata kibarua wa stoo analijua hilo. Nikamwambia kwa adabu zote, "Mheshimiwa, zungusha mkono wa valvu nyuzi 90 uifunge kwanza." Akasema, "Usinifundishe kazi," muhuri ukashuka. Kontena zima limezuiwa. Kwa pumzi yake!

Narudia kwa wasioelewa: kapuliza. Kwa mdomo. Kama refa anamaliza mechi. Mimi nimelipia maabara, geji zimehakikiwa, yeye anatumia mapafu. Hayo mapafu yana ithibati ya nani? Yalihakikiwa lini?

FundiFlenji: Hahahaha mkuu mbavu zangu. Swali moja tu: hicho cheti cha ulinganifu kilitoka kabla mzigo haujapakiwa au baada?

Mwenye uzi: Hoja si cheti. Hoja KAPULIZA.

FundiFlenji: Nimeshapata jibu langu.

StooNambaTisa: Mkuu, si wewe mwaka jana ulikuja na cheti cha ISO 9001 ukataka valvu zipite? Kile kinahusu namna kiwanda kinavyoendesha kazi zake, hakimdhamini mtu valvu hata moja. Tuliokuwepo tunakumbuka ulivyofoka.

Mwenye uzi: Ya mwaka jana yanahusiana nini na mdomo wake?

MamaGasketi: Heri wewe umepulizwa. Cheti changu kinasema DN 50 hadi DN 100 (DN ni saizi ya bomba, kwa milimita za kukadiria). Ndani kukawa na DN 150, chache tu, mzigo wote ukasimama na gharama za kuhifadhi zikaanza kutembea. Wakala wangu wa forodha alikuwa ameniambia "hizo zitajificha". Valvu ya inchi sita inajificha wapi jamani? Nyuma ya nini?

StooNambaTisa: Huyo wakala namjua. Aliniambia hivyohivyo kuhusu pampu.

MzeeWaGeji: Nyie bado watoto. Mimi naagiza Ulaya. Kwa ile sheria yao ya vifaa vya presha, 2014/68/EU, valvu za mabomba za DN 25 kushuka hazitakiwi kupigwa alama ya CE, ile ya kuonyesha kifaa kimetimiza sheria za Ulaya, chini ya sheria hiyo. HAZITAKIWI. Nikabeba sheria yenyewe, nimepigia mstari kwa wino mwekundu. Afisa akasoma mpaka mwisho, akakunja vizuri, akanirudishia: "Sawa mzee, sasa nenda kazipige CE."

StooNambaTisa: Basi bora huyo, angalau kasoma.

Mwenye uzi: Wangu HAKUSOMA. Alipuliza.

KijanaWaWeldingi: Samahanini wakubwa zangu, muuzaji kanipa cheti cha 2.2, anasema ni sawa tu na 3.1. Kweli?

MzeeWaGeji: Si kweli mwanangu. 2.2 ni vipimo vya jumla, vinaweza visiwe vya chuma chako kabisa. 3.1 ni vipimo vya mzigo wako wenyewe, na anayesaini ni mkaguzi wa kiwanda asiye chini ya watu wa uzalishaji. Mrudishie kabla hujalipa.

KijanaWaWeldingi: Nimeshalipa.

MamaGasketi: Karibu kwenye benchi mwanangu, njoo na mto.

FundiFlenji: Huyo muuzaji anaanzia na herufi gani?

KijanaWaWeldingi: Naogopa kusema, ananifuatilia humu.

Mwenye uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Mtu mzima, mwenye ofisi na muhuri, AMEPULIZA VALVU.

FundiFlenji: Tumekusikia mkuu, pole. MamaGasketi, zile DN 150 zilitoka?

MamaGasketi: Zilitoka, ila ilibidi zipimwe na kupewa cheti chake. Unataka?

FundiFlenji: Klasi gani, yaani daraja la presha?

MamaGasketi: 300, za flenji. Njoo inboksi.