Sabufa toleo jipya imezidiwa na ya zamani ya modeli hiyohiyo. Nitengeneze ile ya zamani au niiboreshe hii?

Meza_ya_Dirishani

Wakuu, salamu. Naomba ushauri wa wanaojua mambo ya sauti. Nina sabufa mbili za kompyuta za 2.1 (boksi la besi na spika ndogo mbili), kampuni moja, modeli moja.

Ya zamani: boksi la mbao, transfoma ndani, nzito. Spika ya kushoto imekufa, na inavuma muda wote hata sauti ikiwa sifuri.

Mpya: jina lilelile, imeongezwa taa za rangi, Bluetooth na tundu la flashi. Inatumia adapta ya 12V 2A. Kwenye kasha wameandika 8000W PMPO. Sauti ikipita nusu, besi inakatikakatika na kukwaruza. Nikiwasha Bluetooth kuna mlio mwembamba unaobadilika kila flashi inaposomwa. Na besi yenyewe ni mlio mmoja tu, wimbo wowote ule.

Chumba ni mita 3 kwa 4, niko Tanga, natazama filamu na kuhariri sauti kidogo. Bajeti haizidi 150,000. Nitengeneze ya zamani, niboreshe mpya, au niuze zote?

---

Omu_Nne

Mkuu, hiyo 8000W ifute kichwani. PMPO, eti nguvu ya kilele cha papo hapo, haina kipimo kinachofuatwa popote, kila kiwanda kinaandika namba inayokipendeza. Soma adapta: 12V mara 2A ni wati 24, na ampu (kikuza sauti) haiwezi kutoa zaidi ya inachopewa. Ondoa za taa, Bluetooth na joto, zinabaki kama 20 za kugawana spika tatu.

Sasa, kwa kucheza mfululizo hata ya zamani haipishani nayo sana. Wengi hawalioni hilo. Tofauti kubwa iko kwenye pigo la ghafla. Ngoma ikilia, ampu inaomba ampea 3 au 4 kwa kipande kidogo cha sekunde. Transfoma ikisaidiwa na kapasita (vihifadhi vya umeme wa muda mfupi) mbili kubwa za 4700 µF inazitoa. Adapta ndogo ina ulinzi ndani yake: ikiombwa kuliko uwezo wake inashusha volti, au inajizima na kujiwasha tena. Huko kukatikakatika unakosikia kunafanana sana na hilo.

Hakikisha kwa mita. Weka DC 20V, shika kwenye tundu la adapta kwa ndani ya boksi, piga wimbo wenye besi nzito, panda taratibu. Volti ikibaki 11.8 na kuendelea, adapta haina kosa. Ikianguka hadi 10 au 9 kila pigo, umempata mwizi wako. Weka adapta ya 12V 5A. Angalia kichwa chake, kuna cha 5.5 × 2.1 mm na cha 5.5 × 2.5 mm, vinafanana kwa macho lakini kikubwa kikiingia kwenye tundu dogo kinacheza. Chanya iwe katikati, kama mchoro wa kwenye adapta ya sasa unavyoonyesha.

---

kapasita_kavu

Mimi nasema tengeneza ya zamani. Kuvuma hata sauti ikiwa sifuri ni ugonjwa wa kapasita za kuchuja, zimekauka. Umeme wetu ni wa 50 Hz, ukipita kwenye daiodi nne unatoa mawimbi ya 100 Hz, na kapasita ikichoka hayo mawimbi yanafika kwenye spika.

Chomoa waya ukutani kwanza, si kuzima swichi tu. Kapasita zimwage kwa rezista ya 100 Ω 5W, shikilia sekunde kadhaa, kisha pima kuhakikisha zimefika sifuri. Usitumie bisibisi kupiga shoti.

Zikiwa ni 4700 µF 25V, rudisha 4700 µF 35V za 105°C. Pima kimo na upana kabla ya kununua, maana za 35V ni nene zaidi na boksi linaweza kugoma kufunga. Ukinunua kapasita ya uwezo mkubwa halafu ni nyepesi isivyo kawaida, irudishe. Kuna zinazouzwa zikiwa na kapasita ndogo iliyofichwa ndani ya ganda kubwa.

Upande uliokufa: hamisha spika ya kulia uchomeke kushoto. Ikilia, spika ya kushoto au waya wake ndio mbovu, fungua uone kama waya umekatika karibu na koni. Isipolia, kosa liko kwenye ampu. Ondoa spika zote, washa, pima DC kwenye tundu la kutokea. Inatakiwa iwe chini ya milivolti 100. Ukikuta volti 14 au 16, aisii (chipu ya ampu) imeungua kwa shoti, na ukichomeka spika hapo utaunguza koili yake.

Sabufa nyingi za umri huo zina aisii tatu za TDA2030A zenye miguu mitano. Bati la mgongoni mwa hiyo aisii limeungana na mguu wa 3, yaani upande wa hasi. Kwa hiyo usiifunge kwenye hitisinki (chuma cha kupoza joto) moja kwa moja kama hitisinki inagusa graundi (sifuri ya pamoja ya umeme). Weka kipande cha mika (karatasi ngumu isiyopitisha umeme), grisi ya joto pande zote mbili, na kile kikombe cha plastiki kwenye skrubu. Mafundi wengi wanakitupa kikombe hicho, wanarudisha mzigo, unaungua siku hiyohiyo.

Kuwasha mara ya kwanza baada ya matengenezo: unga balbu ya nyuzi ya 60W mfululizo na waya wa umeme. Ikimulika kidogo na kufifia, mambo safi. Ikibaki imewaka kwa nguvu, zima, kuna shoti.

---

Nyika_Sauti

Naongezea kwa @kapasita_kavu. TDA2030A feki zimejaa madukani. Futa maandishi kwa pamba yenye asetoni, yakitoka usinunue. LM1875 inakaa kwenye miguu ileile na inavumilia jumla ya 60V, wakati TDA2030A mwisho ni 44V, ila nayo feki zipo. Hakikisha rezista ya 1 Ω na kapasita ya 0.22 µF au 0.1 µF kwenye mguu wa kutokea bado zipo. Zikikosekana, aisii inaweza kuanza kutetema kwa masafa usiyoyasikia na kuwa moto bila hata kupiga muziki.

Voliumu ikikwaruza ukizungusha, nyunyiza dawa ya kusafishia kontakti, zungusha mara ishirini hivi. Bado? Badilisha, nyingi ni 50k ya miguu sita.

---

mzee_wa_transfoma

Hizi ampu za kidijitali ni takataka tu. Tupa hiyo mpya.

---

Omu_Nne

@mzee_wa_transfoma hapana, mzee wangu. Aisii ya daraja D, yaani hizo unazoziita za kidijitali, si tatizo kwa asili yake. Bodi ya ampu yenye aisii ya TPA3116D2 ikipewa 19V ya adapta ya laptopu inaishinda TDA2030A kwa nguvu na kwa ubaridi. Kinachoharibu ni kubana matumizi: adapta ndogo, kapasita moja ya 1000 µF 16V badala ya mbili kubwa, koili za kuchuja zimeondolewa, hitisinki hakuna. Halafu hela inahamia kwenye taa na rimoti, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana dukani.

---

fundi_risasi

Huo mlio mwembamba wa Bluetooth unatibika. Bodi ya Bluetooth na flashi inatumia 5V inayotoka kwenye umeme uleule wa ampu, na graundi yake inashiriki njia na graundi ya sauti. Kila chipu inaposoma data, inavuta umeme kwa vipigo, na vipigo hivyo vinaingia kwenye ampu kama sauti.

Dawa ni kigeuzi kidogo cha B0505S-1W, chenye miguu minne. Kinapokea 5V na kutoa 5V iliyotengwa kabisa. Kata waya chanya na hasi za 5V zinazokwenda kwenye bodi ya Bluetooth. Upande wa kuingia wa kigeuzi uunge na 5V ya zamani, upande wa kutokea uulishe bodi. Weka kapasita ya 10 µF kila upande. Graundi ya kuingia na ya kutokea USIZIUNGANISHE, ukiziunganisha umerudi ulikotoka. Graundi ya bodi itakutana na ya ampu kupitia ngao ya waya wa sauti pekee.

Mipaka yake: wati 1 ni miliampea 200. Usichaji simu kwenye tundu hilo la USB baada ya hapo.

Kelele ikibaki unapotumia waya wa AUX toka kwenye laptopu, chomoa chaja ya laptopu. Ikinyamaza, ni mzunguko wa graundi kupitia ukutani. Nunua kitenganishi cha sauti cha jeki ya 3.5 mm, ndani yake huwa na transfoma mbili ndogo. Vya bei ya chini sana vinapunguza besi kidogo, ujue hilo mapema kwa kuwa unahariri sauti.

---

Pwani_MDF

Besi ya mlio mmoja ni boksi. Kuta nyembamba, za plastiki au mbao ya milimita 6, zinalia zenyewe, na tundu la hewa limepangwa lipige kelele kwenye masafa mamoja ili mteja asikie "besi" dukani. Pakua programu ya kutoa toni kwenye simu, piga 40, 50, 60, 80, 100, 120 Hz kwa sauti ya wastani. Boksi zuri linapanda polepole. Lako nadhani litakuwa kimya kwenye 50, kisha litaruka ghafla kwenye 90 au 100.

Ziba mianya kwanza. Toa skrubu za spika, weka utepe wa sponji mwembamba kuzunguka ukingo, funga. Mwanya wa waya uzibwe kwa silikoni isiyonuka siki, maana ile ya siki inakula shaba. Gundisha kipande cha mbao kama fito ndani, kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Pamba ya mito gramu 100 hivi kwenye kuta inatosha, isiguse ampu wala kuziba tundu la hewa.

Na kwa kuwa uko Tanga: MDF (mbao ya unga ulioshindiliwa) isiyopakwa rangi kwenye kingo inavimba kwa unyevu wa pwani. Inua boksi sentimita 2 au 3 toka sakafuni. Kagua pia ukingo wa koni ya ile ya zamani. Kama ni sponji, iguse taratibu kwa kidole. Ikimong'onyoka, agiza wa raba.

---

Luthuli_Bass

Mkiamua kununua, tafuteni neno RMS, yaani wati za kucheza mfululizo. Creative Pebble ya kwanza kabisa inaandika wati 4.4 RMS kwa USB, Logitech Z313 ni 25, Edifier R1280T ni 42 na boksi lake ni MDF. Namba ndogo hizo ni za kweli, na 25 za kweli zinatosha chumba cha mita 3 kwa 4.

Dukani inua boksi kwa mkono. Kisha piga toni ya 10,000 Hz na usogeze sikio kwenye zile spika ndogo za juu. Nyingine ni kifuniko cha plastiki tu, ndani hakuna kitu. Kwangua ncha ya waya kwa wembe: ikitoka nyeupe badala ya rangi ya shaba, ni alumini iliyopakwa, na inasumbua kulehemu.

Mitumba ni mizuri ila someni nyuma. Stima ya Japani ni 100V na ya Marekani 120V. Chomeka hiyo kwenye 230 ama 240 yetu bila transfoma ya kushusha na transfoma ya ndani itaungua.

---

Meza_ya_Dirishani

Asanteni sana wakuu. Nimepima: bila muziki 12.1V, besi ikipiga inashuka hadi 9.4V. Ya zamani, tundu la kushoto lina 15.6V DC bila spika. Swali: nina adapta ya laptopu ya 19V 4.74A. Naweza kuichomeka kwenye hii mpya badala ya kununua ya 12V?

---

Omu_Nne

Usichomeke! Fungua usome kapasita kwanza. Zikiwa za 16V zitavimba na kupasuka, na aisii nyingi za maboksi ya 12V hazivumilii 19.

Hiyo 19V itafutie bodi ya TPA3116D2 ya 2.1 na uiweke kwenye boksi la ZAMANI, lina mbao nzuri. Transfoma ikae pembeni. Koni ndogo za pembeni zilinde: kila moja iunge mfululizo na kapasita mbili za 470 µF 35V, hasi kwa hasi, unapata 235 µF isiyo na upande. Kwa spika ya 4 Ω hiyo inaanza kukata besi chini ya 170 Hz hivi. Bila hivyo bodi itazirusha koni. Waya zozote za kutokea kwenye hiyo bodi usizigusishe graundi, hata hasi ya spika. Kama boksi la zamani linaunganisha hasi za spika zote pamoja, zitenganishe kabla ya kuwasha.

---

kapasita_kavu

Au arudishe aisii moja na kapasita mbili, amalize. 15.6V hapo ni aisii imekufa, transfoma haina kosa. Hicho ndicho cha bei ndogo kuliko yote yaliyotajwa humu. Adapta ya 12V 5A anunue kwa ajili ya ile mpya, aitumie sebuleni.

---

Omu_Nne

Sikatai. Ila aisii ya kulia nayo aibadilishe kama ni ya umri uleule, na apime mika zote tatu kwa mita kati ya bati la aisii na hitisinki kabla ya kuwasha. Mita isipige kengele.