Tupeane uzoefu: ulipokuwa unasubiri majibu ya chuo cha uuguzi, ulikaaje?

Usingizi wa Mang'amung'amu (mleta uzi)

Habari zenu wadau. Leo ni wiki ya saba tangu nifanye usaili wa uuguzi. Siku ile ukumbi ulijaa hadi wengine wakasimama ukutani, na nafasi walizotangaza ni 40 tu. Nikifungua akaunti yangu ya maombi nakuta neno lile lile, "Linashughulikiwa". Leo nimeshaifungua mara nne na hata uso sijanawa.

Usiku nalala na simu chini ya mto. Juzi iliita saa kumi na moja alfajiri nikaruka kitandani, kumbe mtu kakosea namba. Akaniomba radhi, mimi nikajikuta namwambia "asante sana" kama vile kanipa taarifa.

Mliopita njia hii, mliopata na mliokosa, hebu tuambieni. Mlikaaje kipindi hicho? Mlipiga simu chuoni au mlinyamaza? Na mliowekwa kwenye orodha ya akiba, hivi kweli huwa wanaita, au ndiyo kukataliwa kistaarabu?

Namba Tisa

Wanaita. Mimi hapa ni ushahidi, na jina langu la humu limetokana na hiyo orodha.

Niliwekwa akiba, namba 9. Miezi miwili kimya. Masomo yakaanza bila mimi, nikajua basi, nikawa nimeshawaambia watu nyumbani kuwa nitajaribu mwakani. Siku ya nne ya masomo, mchana, simu ikaita. Dada wa ofisi ya udahili akaniuliza kama bado naihitaji nafasi na kama naweza kuthibitisha kabla ya kesho yake jioni. Nikamjibu ndiyo kabla hajamaliza sentensi.

Sasa shida ikaanzia hapo, na hii ndiyo nataka uishike mdogo wangu. Walitaka vyeti, picha, uchunguzi wa afya, kipimo cha kifua kikuu, na kadi ya chanjo ya homa ya ini aina ya B. Hiyo chanjo kwa utaratibu wa kawaida ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita kutoka ile ya kwanza. Mimi sikuwa na hata moja! Miezi yote ile nilikuwa na muda wa kutosha kuchoma mbili, nikautumia kukodolea macho simu. Chuo kiliniruhusu kuanza darasani, lakini wenzangu walipoingia wodini kwa mara ya kwanza mimi nilibaki nyuma nikikunja shuka za kitanda cha mazoezi. Peke yangu, na mdoli.

Kwa hiyo dada, kama hujachanjwa, nenda kachanjwe. Ukikosa chuo utakuwa umejikinga na ugonjwa, hujapoteza kitu.

Herufi Moja

Mimi walinijibu mapema kabisa, tatizo sikujua. Barua ilikuwa kwenye kasha la barua taka, ina siku 11, na mwisho wa kuthibitisha ilikuwa siku ya 10. Nilipiga simu natetemeka. Bahati yangu kuna mtu alikuwa amejitoa asubuhi ile.

Kila siku angalia na taka. Na hakikisha anwani uliyoandika kwenye fomu ni sahihi, maana kuna mwenzetu alikosea herufi moja tu ya baruapepe yake na hadi leo hajui walimjibu nini.

Mwalimu wa Vitendo

Nimefundisha uuguzi miaka mingi, na kwenye jopo la usaili nimekaa mara kadhaa. Ngoja niwaeleze upande wa pili wa meza.

Watu hudhani nafasi zinakuwa chache kwa sababu ya madarasa. Darasa si tatizo, viti vinaongezwa. Kinachobana ni wodi. Mwanafunzi lazima aguse mgonjwa halisi akiwa chini ya macho ya mtu, na mwalimu mmoja hawezi kusimamia wanafunzi 20 wanaotoa dawa kwa wakati mmoja. Akigeuka huku, kule kuna aliyeshasoma dozi vibaya. Mgonjwa naye ana haki ya kupumzika, hawezi kupimwa presha na watu 12 asubuhi moja. Basi hospitali ikisema inapokea 40, chuo kinadahili 40, hata wangeomba maelfu. Ndiyo maana inauma zaidi: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 ilihesabu wauguzi milioni 29.8 duniani kwa mwaka 2023, na upungufu wa milioni 5.8. Wauguzi wanahitajika, na mlango wa kuwafundisha ni mwembamba.

Kuhusu kuchelewa. Mwombaji mwenye alama nzuri huwa ameomba vyuo vitatu na amekubaliwa viwili. Anazishikilia zote hadi siku ya mwisho ya kuthibitisha, halafu anaachia moja. Hapo ndipo orodha ya akiba inapojongea. Kwa hiyo msihesabu wiki tangu usaili. Tafuteni tarehe ya mwisho ya kuthibitisha kwa waliochaguliwa awamu ya kwanza, simu nyingi za akiba zinapigwa siku chache baada ya hapo.

Kupiga simu: mara moja, kwa adabu, baada ya tarehe waliyosema watatoa majibu kupita. Kama una jambo jipya, mfano matokeo ya somo ulilorudia au cheti cha huduma ya kwanza, andika barua fupi waliweke kwenye faili lako. Kupiga kila siku hakukusogezi. Wala hakukuharibii sana, tusitishane, ila anayepokea simu hizo si yeye anayechagua.

Wenye Majina

Maneno mazuri mwalimu, lakini sote tunajua nafasi 40 zikitangazwa 30 zina wenyewe.

Mwalimu wa Vitendo

Siwezi kukuapia kuhusu kila chuo. Ninapofundisha mimi, maelezo binafsi tunayasoma yakiwa na namba badala ya majina, na wasaili watatu wanatoa alama bila kuonyeshana. Kwingine sijui.

Mara ya Tatu

Mimi nimekataliwa mara mbili, na ya kwanza nilistahili.

Kwenye usaili niliulizwa: mgonjwa anakataa kumeza dawa, utafanya nini? Nikajibu kwa kujiamini kabisa, "Nitamlazimisha kwa upole." Wale watatu wakainama kuandika kwa pamoja. Ukimya ule, nasikia hadi leo kalamu zikikwaruza karatasi. Nilipotoka nikamsimulia binamu yangu ambaye ni nesi, akacheka hadi akakaa chini, kisha akaniuliza swali moja tu: "Ulimuuliza kwa nini hataki?"

Basi. Huenda zinamtapisha, huenda jana alipewa zikamletea upele, huenda hawezi kumeza kidonge kikubwa na anaona haya kusema. Unamuuliza, unamsikiliza, unamweleza dawa inafanya nini, akiendelea kukataa ni haki yake, unamjulisha muuguzi kiongozi na daktari na unaandika kwenye faili. Mambo ambayo hata asiyesoma uuguzi angeyafikiria kama angetulia dakika moja.

Mara ya pili walikuwa wameshaona alama yangu ya kemia, hawakuniita hata kwenye usaili. Nikairudia kemia nikiwa mtu mzima, nimekaa na watoto waliokuwa wananiita anko. Mara ya tatu nikapata. Nina mwaka wa nne kazini sasa, wodi ya upasuaji.

Ila sitakudanganya kwamba kusubiri kulikuwa kwepesi kwa sababu nilikuwa na uzoefu. Mara ya tatu ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mara ya kwanza una matumaini ya kijinga, yanakubeba. Mara ya tatu unayajua maumivu yenyewe yalivyo, na unayaona yanakuja kwa miguu.

Mama wa Wawili

Nilituma maombi nikiwa na miaka 38. Sikumwambia mtu, si mume, si dada zangu. Nilikuwa naogopa ile sauti ya "haya bwana, tutaona".

Aliyejua ni binti yangu wa darasa la tano, maana alinikuta jikoni nimebandika karatasi ya mifupa ya mkono juu ya sinki nakariri huku naosha vyombo. Akaitunza siri miezi mitatu. Kila akirudi shule ananitazama usoni, nikitikisa kichwa anaenda kubadilisha nguo. Siku majibu yalipokuja sikusema kitu, nilimtazama tu, akatupa begi pale pale mlangoni akaanza kuruka.

Nilikubaliwa, kama mnauliza. Mume akajua kwa kelele za mtoto.

Nilikosa

Mleta uzi umesema mliopata na mliokosa, na naona wanaoandika wote wamepata. Mimi nilikosa, na sikuomba tena.

Barua yao ilikuwa na mistari minne. Niliisoma nikiwa kwenye foleni, nikaendelea kupanga foleni kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Wiki mbili nilikuwa nakwepa watu waliokuwa wakiniita "nesi wetu". Hicho ndicho kilichoniuma kuliko barua yenyewe, nilikuwa nimeshavaa jina kabla ya kupewa.

Sasa nafanya kazi kwenye stoo ya dawa. Ni kazi nzuri, naipenda siku nyingi. Nikiona wanafunzi wa uuguzi wanapita na saa zao zimening'inia kifuani bado moyo unashtuka kidogo. Sijui kama unaisha, na siulizi tena.

Ushauri wangu ni mmoja: usiwaruhusu wakuite nesi bado.

Namba Tisa

@Nilikosa umenigusa. Pole na asante kwa kuandika.

Mwalimu wa Vitendo

Kwa wanaotaka kitu cha kufanya na mikono wakati wakisubiri: jifunzeni kuhesabu. Mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono, vidole viwili, msitumie dole gumba kwa sababu lina mapigo yake na mtajihesabu wenyewe. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Kisha pumzi, kati ya 12 na 20. Pumzi zina ujanja wake. Ukimwambia mtu "nahesabu pumzi zako" anabadilisha upumuaji hapo hapo. Kwa hiyo ukimaliza mapigo usiuachie mkono, endelea kuushika kana kwamba bado unahesabu, na macho yako yahamie kifuani kwake.

Usingizi wa Mang'amung'amu (mleta uzi)

Nimerudi wadau. Majibu yametoka jana jioni. Si ndiyo na si hapana: akiba, namba 6.

Nilikaa kimya kama saa nzima, kisha nikafanya alivyosema mwalimu. Tarehe ya mwisho ya kuthibitisha awamu ya kwanza ni siku 16 kutoka leo, nimeiandika nyuma ya mlango. Cheti changu cha huduma ya kwanza hakikuwemo kwenye maombi, nimewatumia na barua ya mistari mitano. Bibi nimemhesabu mapigo, 72. Pumzi nilimwibia kama mlivyonielekeza, zikawa 17. Akaniuliza mbona leo unanishika mkono muda mrefu hivi, una nini? Nikamwambia sina kitu.

@Namba Tisa, asubuhi hii nimechanjwa dozi ya kwanza. Bega linauma hadi naandika kwa mkono wa kushoto. Nyumbani mdogo wangu kaanza "nesi, nesi", nimemwambia aache kwanza. Ya pili ni mwezi ujao.