Nimepuliza mwarobaini kwenye sukuma, mbona viwavi bado wako hai?

Mama Magunia (Roysambu): Habari zenu wadau. Nimepanda sukuma kwenye magunia hapa ploti. Viwavi wadogo wa kijani wametoboa majani. Ukimgusa mmoja anajinyonganyonga, anajiangusha na kuning'inia kwa uzi. Juzi jioni nilipuliza dawa ya mwarobaini niliyonunua agroveti. Leo bado wamo. Je, nimeuziwa feki? Watoto wanakula mboga hii, sitaki sumu kali.

Mkulima wa Ruiru: Pole dada. Huyo ni kiwavi wa nondo mgongo-almasi. Dawa usiitupe, mwarobaini hauui papo hapo. Ndani yake mna kemikali iitwayo azadiraktini, ambayo hupatikana zaidi kwenye mbegu. Kwanza humkatisha mdudu hamu ya kula, halafu huvuruga homoni za kujivua ngozi. Kiwavi hushindwa kutoka kwenye ngozi ya zamani, akafia humo. Kwa hivyo usihesabu walio hai. Geuza majani utazame: kuna matobo mapya? Kuna kinyesi kibichi?

Kijana wa Githurai: Si upige pareto tu, waanguke mara moja?

Mkulima wa Ruiru: Wataanguka kweli, pareto hushambulia neva. Lakini haichagui, itaua hata nyuki na wale wadudu wanaotusaidia kula vidukari. Mimi ningeiweka akiba.

Shosho wa Kahawa: Sisi tulikuwa tunaloweka tumbaku, tunanyunyizia maji yake.

Mwanafunzi wa Kilimo: Shosho, nakuomba tuiache hiyo. Nikotini, sumu iliyomo kwenye tumbaku, hupenya hata kwenye ngozi ya mtu, na hapa kuna watoto.

Mama, sukuma nayo ina kinga yake. Jani likitafunwa, kemikali zilizomo ziitwazo glukosinoleti hukutana na kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kemikali), ndipo hutoka ule ukali kama wa haradali unaofukuza wadudu wengi. Huyu nondo ana kimeng'enya chake tumboni kinachoizima kinga hiyo mapema. Tena harufu ileile ndiyo inayomwelekeza pa kutaga! Gunia linalofuata panda managu au terere, mboga hizo kiwavi huyu hazili.

Mama Magunia: Asanteni sana. Nimegeuza majani: matobo ni yaleyale ya juzi, kinyesi kimekauka, na wawili wamelegea. Nirudie kupuliza?

Mkulima wa Ruiru: Rudia baada ya muda ulioandikwa kwenye chupa, maana jua huivunja dawa upesi. Puliza jioni kama ulivyofanya, ila elekeza chini ya jani, ndiko wanakojificha. Na usichume kabla siku zilizoandikwa hapo hazijaisha.